Mkalimani wa Sebuleni

Diski ilinunuliwa Makoroboi, kwa mmachinga aliyetandaza turubai lake kati ya muuza soksi na muuza miwani. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kwenye karatasi ya juu madaktari wa Kizungu walikuwa wamekunja mikono kama watu wanaodai mshahara. “Hii sizoni nzima, braza. Hospitali ya Marekani. Ikikwama, irudishe.” Ilikwama, lakini wiki iliyofuata muuzaji alikuwa ameshahama na turubai lake.

Hivyo ndivyo ER ilivyoingia kwenye nyumba moja ya Mabatini, Mwanza. Tamthilia hiyo ya chumba cha dharura cha hospitali ya Chicago ilibuniwa na Michael Crichton, ikaanza kurushwa na NBC Septemba 1994 na kumalizika mwaka 2009, baada ya sizoni 15. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa kijana mwenye deki mpya na hela kidogo, hakujua lolote kati ya hayo. Alivutiwa na neno “nzima”.

Video alizokulia hazikuwa na kitu kizima. Kwenye kibanda cha mtaani, chenye mabenchi ya mbao na magunia dirishani, filamu ilikatwa umeme ulipokatika, na kesho yake ikawekwa nyingine. Lakini palikuwa na mtafsiri. Huyo alishika maikrofoni akawapa makomandoo majina ya Kisukuma, akawaonya watazamaji kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na pale asipoelewa Kiingereza alitunga. Kwa kazi ya namna hiyo Derek Mukandala, maarufu Lufufu, alijijengea jina Dar es Salaam. Ng’ambo ya ziwa, Uganda, watafsiri wa namna hiyo huitwa ma-VJ, na baadhi ya watu huwafuata wao kuliko filamu yenyewe.

ER haikuguswa na mtafsiri yeyote, angalau katika vibanda alivyovijua mwandishi. Ngumi hazipo, na maneno yanamiminika kama mvua ya masika: vipimo, dozi, majina ya mishipa. Kazi ikamwangukia mpwa wake, binti aliyekuwa anasomea uuguzi na kuishi pale nyumbani.

Binti alianza kwa haya, baadaye akanogewa. Alikaa mkekani na rimoti, akisimamisha picha kila penye neno gumu, jambo ambalo mtafsiri wa kibandani asingeliweza. “Huyo pafu limepasuka, hewa imejaa kifuani. Ndiyo maana wanamtoboa.” Kisha anaachia picha iendelee. Kipindi cha dakika 45 kilikwenda saa mbili. Mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa na mgao wa umeme ukaikumba nchi, kipindi kimoja kiliweza kuchukua siku 3, na hakuna aliyelalamika kwamba kimempita. Diski ilisubiri ndani ya deki.

Swali lililomshinda mkalimani lilitoka kwa bibi yake.

“Na huyu mgonjwa, nani kamletea uji?”

“Bibi, huko hospitali ndiyo inawapikia.”

“Basi hawana ndugu.”

Bibi alikuwa na hospitali yake ya kulinganishia. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana karibu kutoka kila upande wa mji, na kwake picha ya hospitali ilikuwa ile ngazi ya watu wanaopanda na chupa za chai na mabakuli yaliyofungwa kwa kanga. Korido za Chicago zilikuwa na damu, machela na mapenzi, lakini hazikuwa na bakuli hata moja.

Sizoni ya 9 ndiyo iliyonyamazisha sebule. Kipindi chake cha mwisho, kilichorushwa Marekani Mei 2003, kinaitwa “Kisangani”: Dakta Luka Kovač na Dakta John Carter wako Kongo, kliniki haina kitu, vita viko mlangoni. Kwa mtu wa Mwanza, Kisangani si jina la kubuni. Vita vya Kongo vilileta wakimbizi Kigoma, na Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku 6 ndani ya mji huo. Sebuleni walitazama kama watu wanaoangalia kama jirani yao ataonekana kwenye picha. Hakuonekana. Mwandishi bado anaamini kipindi kile ni kizuri, na bado kinamkera: Wakongo wanateseka vya kutosha ili daktari wa Chicago ajitambue.

Mpwa yeye alikerwa na jambo jingine. Watu waliosimama moyo walikuwa wanaamka mno. Hakukosea. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohesabu matukio 60 ya kukandamizwa kifua ili kumwamsha mgonjwa katika ER na vipindi vingine viwili vya Marekani. Wagonjwa 75 kati ya kila 100 walinusurika papo hapo, kiwango kisichofikiwa na wodi za kweli. “Mjomba, wangekuja zamu yetu ya usiku,” alisema, na safari hiyo hakusimamisha picha.

Deki ilikufa. Zikaja flashi, zinazojazwa sizoni kumi kwenye laibrari ya muvi kabla chai haijapoa, kisha ving’amuzi. Sasa nyumba ile inatazama tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili na Azam TV. Sultan na watu wa kasri lake wanazungumza kama wamezaliwa Kariakoo, na mkalimani hahitajiki.

Mpwa ni muuguzi kamili siku hizi. Akitoka zamu ya usiku huzunguka kutwa na shughuli zake, na jioni hujilaza kwenye kochi kabla tamthilia haijaanza. Mtu wa kasri akianguka baada ya kunywa kikombe, watoto humgeukia kumuuliza kama kweli sumu inaua haraka hivyo. Wanamkuta ameshalala, rimoti ikiwa mkononi.