Yungiyungi na Daftari Zake

Zama za udogo wangu, katika mitaa ya Kibokoni na Mkanyageni, kisiwani Mombasa, ua lenye hadhi lilikuwa ni lile liingialo katika kikuba. Asumini, waridi, mkadi na mrehani vilikuwa na bei na wauzaji wake, ilhali yungiyungi, liotalo katika maji matamu yaliyotuama, halikuwa na nafasi sokoni wala kisiwani, bali lilifuatwa ng'ambo, upande wa Kisauni.

Marehemu bibi yangu, ambaye ahali zake walikuwa na shamba huko, hakupata kulitaja ua hili pasi na kulitaja dimbwi lake: lipi hujaa kwa mvua za masika, lipi hukauka mapema, na lipi hubakiza matope yanayohifadhi viazi vyake hata mvua zirudi. Yeye ndiye aliyetufunza kwamba ua hilo la samawati hufunguka jua likipanda na kujifumba alasiri, kwa hivyo mwenye kuchelewa kuvuka hulikosa.

Wenye kalamu nao walikuwa na daftari zao. Mwaka 1877 Caspary, mwanachuoni wa Kijerumani, alilipa ua hilo jina la Nymphaea zanzibariensis, akilinasibisha na Unguja. Baadaye maulamaa wa mimea wakalitia chini ya Nymphaea nouchali, jina lililotolewa tangu 1768 kwa mmea wa Bara Hindi, hata yungiyungi letu likahesabiwa ukoo mmoja na maua ya pwani zilikoenda jahazi zetu. Mwaka 1937 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, akatoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili.

Tangu daraja jipya la Nyali kufunguliwa mwaka 1980, nyumba zimeenea ng'ambo ile ya Kisauni, na madimbwi aliyoyajua bibi yamefukiwa moja baada ya moja. Vijana wa leo hulijua yungiyungi katika mashairi, ambamo husifiwa kwalo mwanamke mzuri. Ukiwauliza huota wapi, hawana jawabu.

Kamusi zimehifadhi jina bila ya dimbwi, na bibi alihifadhi dimbwi bila ya karatasi. Kwa hivyo, yeyote anayeandika leo jina la mmea wa pwani hana budi kuandika pamoja nalo mahali, mwezi, na mtaa wa aliyelitamka. Maana jina peke yake humtosha mshairi, wala halimtoshi atakaye kuupanda mmea tena.