Njegere za Mtawa na Mdogo Wetu

Siku alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho, nyumba yetu ilinyamaza. Baba ni mweusi, mama ni mweusi, nasi watoto wanne tuliotangulia tu weusi. Lakini huyu alizaliwa mweupe, nywele zake za manjano, macho yake yakikimbia mwangaza. Bibi mzaa baba akasema, "Laana hii imetoka katika ukoo wa mama yenu." Maneno yale yakazidi siku kwa siku, hata mama akamfunga mtoto mgongoni akarudi kwao. Baba hakumfukuza, wala hakumzuia. Nasi, tukiri kosa letu, tuliona haya kumtaja mdogo wetu mbele ya wenzetu.

Mwaka ule tulikuwa tukisoma sekondari. Asubuhi moja mwalimu wa biolojia alitueleza habari za Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno. Mtawa huyo alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Alizichanganya ndefu na fupi, na kizazi cha kwanza kikawa kirefu chote. Je, ufupi ulikuwa umekwisha? Sivyo. Katika kizazi kilichofuata alihesabu ndefu 787 na fupi 277, yaani karibu tatu kwa moja. Ufupi haukufa, ulijificha tu. Aliwasomea wataalamu habari hizo mwaka 1865, lakini hawakuzijali sana. Alifariki mwaka 1884, na mwaka 1900 ndipo thamani ya kazi yake ilipotambuliwa.

Mwalimu akaendelea: mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni inayotawala huonekana hata ikiwa moja. Inayojificha haionekani mpaka zikutane mbili. Kisha akachora mraba wa vyumba vinne, akatoa mfano wa ualbino. Wazazi wawili weusi, kila mmoja akiwa na jeni moja iliyojificha, waweza kumzaa albino. Na katika kila mimba nafasi ni moja kwa nne, hata kama watoto waliotangulia wote ni weusi.

Kalamu yetu ikasimama. Mzazi mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili.

Jumamosi tulimchorea baba mraba ule mchangani. Aliutazama kitambo kirefu, akauliza, "Basi nami nimo?" Tukajibu, "Ndiyo, baba, nawe umo." Hakusema neno. Alfajiri alichukua baiskeli yake akaenda kwa wakwe. Jioni walirudi watatu, na mtoto amevaa kofia pana aliyonunuliwa na baba njiani; maana tulikuwa tumemweleza pia kwamba ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua upesi juani, na yaweza kupata kansa.

Bibi hakuusadiki mraba wetu hata kidogo. Lakini siku moja, jua lilipokuwa kali, tulimwona akimfunika mtoto yule kwa kitenge chake.

Enyi wazazi, kabla ya kumtwika mke mzigo wa watu wawili, kumbukeni njegere za mtawa. Nanyi wanafunzi wenzetu, somo lisilale daftarini: huenda nyumbani kwenu yuko mtu anayelingoja.