Kuchora Nyumba ya Wageni ya Ujiji

Mimi ni mwenyeji wa Gungu, na kazi niipendayo kuliko zote wakati wa likizo ni kuchora majengo. Likizo ya Juni nilichora nyumba ya bibi yangu iliyoko Ujiji, kwa sababu wazee wa ukoo walikwisha kuamua kuivunja kabla ya mvua za Novemba na kujenga nyingine ya matofali ya saruji.

Nyumba hiyo imelaza wageni kwa miaka mingi: wafanya biashara wa mawese na dagaa kutoka Uvira na Kalemie, wangojao chombo cha kurudi kwao. Ada haikuwapo, mgeni alitoa alichojaliwa.

Nilianza kwa kupima, maana jicho hudanganya. Mdogo wangu alishika ncha moja ya futi kamba, nami nyingine. Kila nusu mita ya ukuta niliifanya sentimita moja katika karatasi. Ramani ilipokamilika, ndipo nilipoifahamu akili ya fundi. Mbele pana baraza ya udongo chini ya upenu mpana. Mtu yeyote huketi hapo bila kupiga hodi. Kisha mlango, na ukumbi unaopita katikati hadi uani, vyumba huku na huku. Vya wageni viko karibu na mlango wa mbele, ili msafiri wa alfajiri atoke bila kuwaamsha wenyeji. Rangi ya kuta niliipata kwa kuchanganya nyekundu, manjano na nyeusi kidogo.

Baraza ya namna hiyo ina historia mjini kwetu. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, waliketi barazani. Stanley aliandika kwamba mahali pa mzee palitandikwa mkeka na ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani, ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Nyumba ile haipo tena. Leo pana mnara na makumbusho. Lakini kwa maneno yale machache mtu aweza kuichora baraza ile. Nyumba ya bibi haikuandikwa na mtu yeyote.

Baba mkubwa aliitazama michoro yangu kwa kitambo, kisha akaleta ramani ya nyumba mpya. Mlango wake ulifungukia barabarani moja kwa moja, baraza hapana. Akaniuliza upana wa ile ya zamani.

"Mita moja na nusu," nikamjibu.

Akauandika kwa penseli pembeni mwa ramani yake. Bibi akasema, "Na upenu msiusahau, jua la saa tisa ni kali."

Wenzangu, penseli, rula na futi kamba si vitu vya gharama kubwa. Likizo ijayo kazipimeni nyumba za wazee wenu, zingali zimesimama, na wao wangali wapo wa kutueleza kila chumba kilijengwa kwa ajili ya nani.