Motokari ya Baba Ilikuwa ya Nani?



Sisi watu wa migodi tunajua kuuliza jiwe: unatoka wapi? Ukileta mufuko wako depo, mununuzi anatoa jiwe moja, analipima mukononi, anaangalia rangi, na mbele ya kusema bei anauliza mulichimba wapi. Lakini vitu vya ndani ya nyumba zetu hatuviulize. Kitanda, mashini ya kushona, lupango lenyewe: baba alikuwa nalo, baba amekufa, basi sasa ni letu. Mwezi huu ninataka tuongee juu ya ulizo hilo, kwa njia ya motokari moja ya zamani.

Ilikuwa Peugeot 404. Vijana wa leo wamekomalia kati ya Toyota, hawaijue. Wafaransa walianza kuitengeneza mwaka wa 1960 kule Sochaux, na ile ya kubeba mizigo, yenye tuliita bashe, iliendelea kutoka kiwandani mpaka 1988. Injini yake ya benzini haisimame wima. Imelala upande kwa digri 45. Katika shindano la Safari, kule Afrika ya Mashariki, 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, ndani ya matope na mavumbi kama yetu. Ndiyo sababu watu wa Afrika waliiamini. Hapa kwetu ilibeba mahindi, makala, maharusi na maiti.

Ya baba haikuwa tena 404 kamili. Mbele ilikuwa 404, ndiyo. Lakini sanduku la nyuma baba alilifanya yeye mwenyewe kwa mabati mazito, alikunja na kuunga. Resori za nyuma zilikuwa za Land Rover. Radiatere ilitoka katika lori. Parshoki ya mbele ilikuwa bomba la chuma. Taa moja ilikuwa ya duara, ya pili ya pembe nne. Watoto wa Kikula, pale Likasi, waliiita Changa-Changa, kwa sababu kila kitu kilichangwa ndani.

Baba alilala mwaka wa 2019. Wakati ule motokari ilikuwa imekwisha kusimama miaka mitatu chini ya muembe. Kisha matanga, mununuzi wa vyuma vya zamani akafika na mizani yake. Tulikuwa watoto wanne. Yaya, mutoto wa kwanza, alitaka tuuze siku ileile, kwa sababu watoto wake walifukuzwa masomoni juu ya minervale. Hakuwa mutu wa tamaa. Ni baba wa jamaa mwenye shida ya kweli. Dada yetu alitaka tuichunge kwa ukumbusho. Mununuzi naye akasema: "Miye sinunue bila karatasi, polisi batanisumbua." Basi walinituma mimi nitafute karatasi.

Katika kantini ya mama, chini ya vitambaa, nilikuta karte roze. Jina lenye kuandikwa juu yake halikuwa la baba. Lilikuwa la jirani yetu wa zamani, yule tuliyemuita Papa Jirani, mutu wa Kasai.

Nilichukua petroli na brosi ya chuma, nikasugua plake yenye namba chini ya kapo. Namba ilikuwa ileile ya karatasi. Kisha nilimuita muzee mumoja mekanisie, rafiki ya baba wa siku nyingi. Aliizunguka motokari polepole, akigusa kila piesi kama vile munganga anavyogusa mugonjwa. "Hii injini haiko yake," akasema. "Ya kwanza ilikufa. Hii tulienda kuitafuta Lubumbashi, 1995. Radiatere, 1996. Resori, nazani mbele ya hapo. Baba yako alikuwa anaandika yote. Mutafute kaye."

Mbele ya kufungua kaye ile, lazima niwaeleze vijana mambo ya mwaka wa 1992, kwa sababu wazee wengi wanayanyamazia.

Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Walizaa hapa, wakazika hapa, watoto wao wakaongea Swahili yetu. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka wa 1992, Konferensi ya Taifa kule Kinshasa ilichagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza, kisha Nguz a Karl-i-Bond, mutu wa jimbo letu, lenye liliitwa wakati ule Shaba. Mwezi wa 9, hapa Likasi, watu wakaanza kufukuza majirani zao. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya watu walilala stasioni na katika masomo, wakingojea treni siku kwa siku, juma kwa juma; watoto na wazee walikufa palepale. Mwaka wa 1993 mambo yaleyale yalifika Kolwezi. Treni ilipanda kupitia Tenke na Kamina mpaka Mwene-Ditu, ikashusha watu katika inchi yenye wengi wao hawakuiona hata siku moja.

Mimi nilikuwa mutoto wa miaka 11. Ninakumbuka Papa Jirani akiingia kwetu usiku, bila kuwasha taa. Hakukaa. Alimupa baba funguo, na maneno yake yalikuwa mafupi: "Uniwekeye tu." Baba alijibu: "Itakuwa hapa." Hakuna karatasi, hakuna shahidi, ila sisi watoto wenye tulifanya kama vile tunalala.

Sasa kaye. Ilikuwa kaye ya masomo yenye ganda la bluu, maandishi ya kalamu ya risasi. Kila safari iliandikwa: Kambove, Lwambo, Lubumbashi, magunia ngapi, benzini ngapi, faida ngapi. Kila faida iligawanywa mara tatu: sehemu moja ya kutengeneza motokari, sehemu moja ya nyumba yetu, na sehemu moja baba aliiandikia neno moja tu: "Mwenyeji."

Feza za Mwenyeji zilikuwa katika kopo la maziwa, na kopo lile tulilikuta. Lilijaa zaïre za zamani, zimefungwa kwa kamba ya mupira. Wazee munajua kilichotokea. Mwezi wa 10 mwaka wa 1993 serikali ilileta feza mpya, nouveau zaïre. Moja ilibadilishwa kwa zaïre milioni 3 za zamani. Noti kubwa ya milioni 5 haikufikia hata nouveaux zaïres mbili! Lakini kule Kasai watu walikataa feza mpya, wakaendelea kununua na kuuza kwa zile za zamani. Baba alijua. Katika kaye aliandika: "Kasai hizi zinanunua. Nani atapeleka?" Hakupata mutu.

Kisha ukurasa ule, chini ya neno "Mwenyeji" hakuna tena hesabu ya feza. Kuko vitu. "Resori 2 za Land Rover, Mwenyeji." "Injini, nusu yetu nusu Mwenyeji." "Radiatere, Mwenyeji." "Mabati ya sanduku, Mwenyeji." Baba aliona kwamba karatasi inakufa na chuma kinabaki, kwa hiyo sehemu ya rafiki yake aliiweka ndani ya motokari ya rafiki yake. Na hakukosea: mwaka wa 1998 feza ilibadilishwa tena, na nouveaux zaïres 100.000 zikawa franga moja tu ya Kongo.

Wapenzi, miaka yote sisi tulicheka ile motokari. Tulizani baba ni mutu wa kuokota-okota, hawezi kutupa kitu. Kumbe zile resori na yale mabati yalikuwa hesabu. Alikuwa anaandika kwa chuma.

Tulikaa mukutano wa jamaa. Niliweka juu ya meza karte roze, kaye na kopo. Yaya akasema: "Miaka 27! Mwenyewe hakurudia. Jasho ni ya baba. Tuuze, tugawanye." Musimuhukumu upesi. Nusu ya maneno yake ni kweli: bila mikono ya baba, ile motokari ingalikuwa kutu tangu zamani. Tena sheria ya familia ya mwaka wa 1987 inaweka watoto wa marehemu mahali pa kwanza katika uriti. Lakini sheria inagawanya mali ya marehemu, haigawanye mali ya jirani yake. Na baba mwenyewe, kwa mukono wake, alituandikia ni ya nani.

Nilisoma nao Kutoka 22, kuanzia mustari wa 7. Pale Musa anaongea juu ya mutu mwenye kupewa vitu au nyama na jirani amuchungie. Hakuna karatasi kati yao. Ndiyo sababu wanaletwa mbele ya Mungu. Mungu mwenyewe ndiye shahidi. Nikasoma vilevile Luka 16:12, pale Bwana Yesu anauliza kama mutu si mwaminifu katika kitu cha mwingine, nani atamupa kitu chake mwenyewe. Dada yetu alilia. Yaya alitoka inje, lakini hakusema hapana. Tulipatana tutafute kwanza.

Muchungaji mumoja, mwenye tulisoma naye Shule ya Biblia, anatumika Mwene-Ditu, leo katika jimbo la Lomami. Nilimutumia jina, na picha ya 404 kwa telefone. Alitangaza katika makanisa ya pale siku za Mungu tatu. Kisha mwezi mumoja, telefone yangu ililia. Ilikuwa mama muzee. Kasai imemuchunga miaka 27, lakini Swahili yake ilibaki ya Likasi.

"Njo ile 404 ya rangi ya maziwa?" akauliza.

"Njo yenyewe, mama. Lakini imebadilika."

Alinyamaza. Kisha akasema Papa Jirani alikufa mwaka wa 1996. Watu wa jamaa yake walikuwa wakimucheka: umeacha motokari kwa wale wenye kukufukuza! Yeye alijibu kila mara: "Iko kwa mutu." Nilimueleza habari ya kopo. Hapo sauti yake ilivunjika. Akasema mwaka wa 1994 waliuza kitenge chake cha mwisho kwa zaïre zilezile za zamani, wanunue muhogo.

Hakutaka motokari irudie. Njia ni ndefu, na hana mutu wa kuiendesha. Alisema: "Muuze. Mugawanye katikati. Baba yenu naye alikuwa na mikono." Hatukuipeleka kwa mutu wa mizani. Tuliuza kwa mukulima wa upande wa Kambove, mwenye aliitengeneza akaitembeza tena, na bei ilipita ile ya vyuma. Nusu tulimutumia mama kwa telefone. Nusu yetu tuligawanya, na Yaya alilipa minervale ya watoto wake. Lakini siku ile aliniambia: "Kama haungetafuta, tungepata yote." Hatujaimaliza ile maneno kati yetu. Tunaendelea kuomba pamoja, na kopo liko kwake. Alilichukua bila kutuambia, akaliweka juu ya kabati ya saluni.

Ndugu na dada, katika miji yetu vitu vingi vilibadilisha mikono katika ile miaka: nyumba, madirisha, mashini, mashamba. Vingine vilinunuliwa kwa bei ya machozi. Vingine viliachwa kwa kuchungwa, na mwenye kuvichunga alikufa mbele ya kusema. Kama ungali na baba ao mama, usingoje matanga. Kaa naye jioni moja, umuulize: hiki kilitoka wapi? Kile ulipewa na nani? Andika anavyosema, pamoja na mwaka. Na wewe baba, usiwaachie watoto vitu bila habari zake, utawaachia ugomvi. Na kama ukikuta jina la mwingine juu ya kitu chenu, usilifute. Litafute. Ao atapatikana, ao watoto wake, ao kanisa litakusaidia kutafuta.

Mimi nilizani ninatafuta karatasi ya motokari. Nilipata kumujua baba yangu.

Muongee katika jamaa:

1. Ni kitu gani katika lupango letu chenye hatujue kilitoka wapi? Nani angali muzima wa kutueleza?

2. Yaya alisema jasho ni ya baba. Ni wapi alisema kweli, na ni wapi hapana? Musome Kutoka 22:7-15.

3. Vijana: jirani akikuachia funguo usiku bila karatasi, utafanya nini kusudi kisha miaka 27 watu waseme, "Iko kwa mutu"?