Majani Makavu Chini ya Pilipili

Watoto wa Baraka, kiangazi mnakijua. Tangu mwezi wa sita mvua hukoma, upepo wa ziwa hukausha udongo, nao vidukari, yaani chawa wa majani, hufika juu ya pilipili zetu. Hunyonya maji ya majani, lakini huo sio ubaya wao mkubwa. Hubeba ugonjwa mdomoni, na kuutia katika mche mzima kwa muda mfupi kuliko kusema Salamu Maria. Mche ukiisha kuugua hivyo hauponi. Kwa hiyo sumu mara nyingi huchelewa: mdudu amekufa, ugonjwa umebaki.

Mimi napenda kumzuia asitue. Kidukari mwenye mabawa hutafuta kitu kibichi juu ya udongo mweusi. Basi nikiisha kupandikiza natandaza majani makavu ya mpunga, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Udongo umefichwa, mche hauonekani wazi kama kwanza, na wachache tu hutua. Katika nchi nyingine hutandaza plastiki yenye kung’aa kama bati jipya. Nuru ya mbingu hutoka chini, mdudu hajui juu ni wapi! Plastiki hiyo ina nguvu kuliko majani, lakini bei yake si ya bustani yetu.

Pilipili zikikua na kufunika udongo, kinga hupungua. Lakini miche michanga ndiyo yenye kuumia zaidi.

Kule Fizi milimani, wakati wa masika, yaondoeni: konokono hulala chini yake. Hapa Baraka huyala mchwa, nami naongeza mengine.