Jina Lipo, Maneno Hayapo

Ndugu msomaji, kama nawe unaandika riwaya na unaitunza kwenye flashi ya shilingi elfu nane, usigeuze ukurasa kwanza. Mimi imeshanikuta.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo yangu tuyaache kama yalivyo. Tangu hapo mchana namsaidia mama gengeni, Mbagala, na usiku naandika. Kompyuta sina. Kila Alhamisi nilikuwa nakwenda intaneti kafe moja jirani na kituo cha daladala, nalipia saa mbili, nachapa mpaka vidole vinakufa ganzi. Riwaya nzima ilikuwa katika faili moja, na faili hilo lilikuwa katika flashi moja, na flashi hiyo niliining'iniza shingoni kama hirizi.

Mwaka 2023 bibi yangu mzaa mama aliletwa kutoka Nachingwea kutibiwa macho. Usiku tulilala chumba kimoja. Alikuwa hapati usingizi, basi akawa ananisimulia utoto wake, enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao baba yake aliufanyia kazi ya kung'oa visiki. Usiku wa kwanza nilisikiliza kwa adabu tu. Usiku wa pili nilikaa kitako kitandani. Usiku wa tatu nilijua kwamba sura ya saba ya riwaya yangu nimeipata. Alhamisi nikaenda kafe, nikalipia saa nne badala ya mbili, nikaichapa yote kwa mkupuo. Kurasa kumi na tisa! Sikuandika popote kwenye daftari. Niliisoma tena kwenye kioo, nikaisevu, nikachomoa flashi, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Jumapili yake bibi alianza homa. Jumatano alifariki. Tulimsafirisha kwao, tukamzika, tukakaa matanga. Niliporudi Dar es Salaam zilikuwa zimepita wiki tatu.

Alhamisi iliyofuata nikachomeka flashi. Faili lilikuwepo. Jina lipo, tarehe ipo, ukubwa wake upo, kilobaiti 212. Nikabofya. Kompyuta ikasema faili limeharibika, haliwezi kufunguka. Nikabofya tena. Nikahamia kompyuta nyingine, jibu lile lile. Loo! Nilihisi tumbo limekuwa tupu kana kwamba sijala siku mbili. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba zile tamthilia za Kikorea alizonijazia binamu yangu, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zilifunguka vizuri na kucheka zinacheka. Za mwisho mbili tu ndizo ziligoma.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana wa rika langu, ana kimeza cha futi tatu kwenye korido ya ghorofa. Aliitazama flashi kabla hata hajaichomeka.

"Dada, hii umeinunua wapi?"

"Kwa machinga, barabarani."

"Imeandikwa gigabaiti 64. Ulitoa ngapi?"

"Elfu nane."

Akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. Kwanza alikopi kila kilichokuwamo akakiweka kwenye kompyuta yake, maana alisema fundi anayeanza kupima kabla ya kukopi ni muuaji. Ndipo akaipima. Programu yake iliijaza flashi taarifa mpaka pomoni kisha ikazisoma upya kuona kama zipo. Ilichukua muda mrefu, tukanywa kahawa. Jibu lilipotoka, flashi yangu ya gigabaiti 64 ilikuwa na gigabaiti 8 tu. Zilizobaki ni uongo. Kuna kidude ndani ya flashi kinachoongea na kompyuta, na mtengenezaji amekifundisha kusema "nina nafasi 64." Kompyuta haina sababu ya kumtilia shaka mgeni, inaamini.

"Ukiandika ndani ya zile nane za mwanzo, uko salama," fundi alisema. "Ukivuka, flashi inapokea, inaitikia, halafu inatupa. Na orodha ya majina ya mafaili inakaa mwanzoni kabisa, kwenye sehemu nzima. Kwa hiyo majina yote utayaona."

Alinipa mfano ambao sitausahau. Alisema faili ni mkazi, na orodha ni daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe anakuonyesha jina, namba ya nyumba, idadi ya watoto. Unakwenda unakuta kiwanja kitupu, wala hakijawahi kujengwa.

Basi ikawa hivi. Muda wote riwaya yangu iliishi kwenye zile gigabaiti za kweli. Binamu akamwaga tamthilia mpaka nafasi ya kweli ikajaa. Nilipoisevu Alhamisi ile, kompyuta haikuliandika faili jipya palepale pa zamani, bali ilitafuta mahali pengine mbele. Mbele kulikuwa hakuna kitu.

Nikabisha. "Lakini niliisoma! Nilipomaliza niliisoma yote kwenye kioo!"

"Uliisoma kutoka kwenye ramu."

Naomba msomaji univumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kompyuta haina kumbukumbu moja, ina kumbukumbu za aina nyingi, na kila moja inasahau kwa namna yake. Ramu ni meza ya kazi. Unachokiona kwenye kioo wakati unaandika kiko humo. Kila herufi ni mkusanyiko wa chaji ndogo za umeme, na kila chaji imewekwa kwenye kikopo kidogo kinachovuja. Kinavuja kweli, si mfano. Ndiyo maana kompyuta hupita ikivijaza upya vikopo vyote, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara kumi na tano kwa sekunde moja. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza. Wewe uliyewahi kuchapa kurasa tatu bila kusevu halafu taa zikazimika unajua ninachosema. Sura ya saba ya bibi yangu ilikuwa hai kwenye ramu kwa saa nne, mwenye kafe akaizima mashine saa mbili usiku, ikavuja.

Flashi ya kweli haivuji namna hiyo. Humo elektroni husukumwa kwa nguvu zipenye ukuta mwembamba sana, zinaingia kwenye chumba kisicho na mlango, zinabaki humo hata umeme ukiondoka, kwa miaka. Aliyebuni ni Mjapani, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina la "flash" lilipendekezwa na mwenzake, kwa kuwa namna inavyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mwako wa kamera. Ila kila elektroni zinapopenyezwa, ukuta unachakaa kidogo, kwa hiyo kila chumba kina idadi ya safari zake. Na ukiiacha kabatini miaka mingi bila kuichomeka, elektroni zinatoroka moja moja. Watu wanaoweka picha za harusi kwenye memori kadi na kuzifungia sandukuni nawaonea huruma.

Fundi akarudi kwenye kazi. Alisema nakala ya zamani ya faili, ile ya kabla ya Alhamisi, huenda bado imelala kwenye zile gigabaiti nane. Maana kompyuta inapofuta kitu, mara nyingi inakata jina tu kwenye daftari la mjumbe. Mkazi mwenyewe bado yuko ndani, analala kitandani kwake, mpaka aletwe mpangaji mpya wa kumtoa. Akaendesha programu isiyosoma majina kabisa, inayopita nyumba kwa nyumba ikitazama sura za wenyeji. Dakika ishirini hivi zikapita. Akanigeuzia kioo.

Sura sita! Kurasa zangu zote mia moja ishirini na moja, na makosa yangu yote ya chapa. Nililia pale koridoni mbele ya wauza kava za simu, na sioni aibu kulisema.

Lakini sura ya saba ilikuwa haimo. Fundi akafikiri, akaniuliza, "Ile kompyuta ya kafe, ya zamani au mpya?" Nikamwambia ni dubwana, likiwashwa linanguruma. Akafurahi. Sikuelewa anafurahia nini.

Programu nyingi za kuandikia huhifadhi nakala ya dharura kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kila baada ya dakika kama kumi hivi. Ukifunga vizuri, nakala hiyo inafutwa. Inafutwa kwa maana ile ya daftari la mjumbe. Kama ingekuwa kompyuta yenye diski za kisasa, zile za SSD zisizo na kitu kinachozunguka, tungekuwa tumekwisha, maana hizo huambiwa mara moja ni nafasi zipi zimeachwa, zinajifagia zenyewe. Diski ngumu ya zamani haijifagii. Inangoja.

Mwenye kafe alitukubalia baada ya fundi kumwahidi kumsafishia feni za mashine zote. Wakati wa kungoja, fundi alinifungulia diski nyingine iliyokufa, anayoibeba kwenye mkoba kama daktari na fuvu. Ndani kuna sahani inayong'aa kuliko kioo cha saluni, imepakwa utando wa sumaku. Taarifa ni vipande vidogo vya sumaku, vinavyoelekea huku au kule. Sahani inazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaelea juu yake bila kugusa, umbali wa nanomita chache, wakati unywele wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukiidondosha ikiwa inazunguka, mkono unakwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Diski ya kwanza ya namna hiyo iliuzwa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kubwa kama kabati, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni tano. Nikapiga hesabu: riwaya yangu ingeingia humo mara kumi na saba hivi. Nilijisikia mtu mkubwa kidogo.

Wiki tatu ni nyingi kwenye kompyuta ya kafe. Wanafunzi wamepakua, watu wamechapa barua za kuomba kazi, wapangaji wapya wamehamia. Nakala ya dharura ilipatikana ikiwa imekatika. Faili la namna ile hubanwa kama nguo kwenye begi, kwa hiyo unaweza kulikunjua tangu mwanzo mpaka pale lilipokatika, na baada ya hapo ni takataka tu. Lilikunjuka sura ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, ambazo tayari nilikuwa nazo. Kisha ikaja ya saba. Kurasa nne.

Kuna mtu atasema, si ungeweka mtandaoni? Siku hizi naweka. Naituma kwenye barua pepe yangu kila Alhamisi kabla sijasimama kwenye kiti. Lakini tusidanganyane kuhusu hilo "wingu." Ni diski za watu wengine, kwenye majengo ya watu wengine, ila zinatunzwa na nakala zinawekwa sehemu kadhaa. Hata wao hukwama. Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zake kwenye majengo tofauti. Kilichowaokoa ni utepe wa sumaku, ndugu wa kaseti za taarab za mama yangu, kwa sababu utepe ulikuwa umewekwa kando, hakuna kompyuta iliyoweza kuufikia na kuukosea. Nilipenda sana habari hiyo. Mimi utepe wangu ni karatasi. Sura ikiisha naenda steshenari, naichapisha, naifungia kwenye begi la shule la zamani juu ya kabati. Mama analalamika kwamba nafuga mende.

Fundi alichukua elfu kumi na tano tu. Flashi akanirudishia, akaniambia niifanye kishika funguo.

Zile kurasa nne nimezisoma mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Bibi anaeleza kwamba baba yake hakujua kusoma, na hakuamini kile kipande cha mkoloni kilichotiwa alama kila siku ya kazi. Kwa hiyo alikuwa na kamba ya katani aliyoificha kwenye paa, na kila jioni alifunga fundo moja. Mshahara ulitoka zikitimia siku thelathini. Siku walipoambiwa ghafla waende makwao, alirudi, akaishusha kamba, akamwita bintiye mdogo amsaidie kuhesabu. Mstari wa mwisho kabla ya takataka unasema: "Nilihesabu mara mbili, mafundo yalikuwa ishirini na"

Bibi aliitaja namba. Mimi niliichapa, na kwa kuwa niliichapa sikuishika kichwani. Mama anasema alisikia ni ishirini na moja. Mjomba anaapa ni ishirini na tisa, kwamba mzee alibakiza siku moja tu. Nimesikia Nachingwea bado yuko mdogo wake bibi ambaye akili yake iko timamu. Nauli ndiyo naitafuta.