Jina Lililokuja na M-Pesa

Programu ile ya kutafuta wapenzi haikuniuliza kitambulisho. Iliuliza tarehe ya kuzaliwa tu. Nikausogeza mwaka nyuma kwa kidole mpaka nikawa na miaka 19, ikanikaribisha. Nilikuwa kidato cha pili, Kisauni, Mombasa, na umri wangu wa kweli ulikuwa miaka 15. Wasichana kadhaa wa darasa letu walikuwa humo pia. Kwetu ulikuwa mchezo wa kuona nani kapendwa na wengi.

Siandiki haya kujilaumu. Lawama nimezisikia za kutosha, na nyingi zilimkosa mkosaji mwenyewe.

Mwenyewe alijiita jina la kisharobaro na kusema ana miaka 23, yuko chuo. Hatukukaa sana kwenye programu ile. Upesi alitaka tuhamie WhatsApp. Siku hizi najua kwa nini wengi wa aina yake hutaka hivyo: kule kwenye programu anaweza kuripotiwa na kufungiwa, huku anabaki na namba yako na usiku kucha. Kisha akawa ananisikiliza. Mzazi akilidharau neno hilo hataelewa chochote. Mamangu alitoka alfajiri kuuza mahamri na viazi karai, akarudi hoi. Huyu aliuliza nimekula nini, mtihani wa hesabu umekwendaje, mbona leo niko kimya. Siku moja akanitumia shilingi 300 za bando.

Hapo aliteleza. Ujumbe wa M-Pesa huja na jina la aliyesajili laini, na jina lililokuja silo nililolijua. Nilipouliza, akasema laini ni ya mjomba wake. Nikaridhika. Baadaye akaomba picha ambazo sitazieleza hapa, na alipozipata maneno yakabadilika: nisipokwenda kumwona Mtwapa, zitamfikia mama na walimu wangu.

Kwa nini sikusema? Watu huuliza hivyo kana kwamba jibu ni gumu. Kwetu kila kosa liliishia kwa kunyang'anywa simu, na binamu yangu aliyekutwa na ujumbe wa mvulana alichapwa, kisha akaanikwa mbele ya ukoo mzima. Vitisho vya yule mtu niliviogopa, lakini kikao cha ukoo nilikiogopa zaidi.

Mama mdogo ndiye aliyenifungua. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Hakuniangalia hata mara moja. "Mwanangu, kama kuna mtu anakusumbua humo kwenye simu, niambie. Simu siichukui. Na mamako nitazungumza naye mimi." Nikamwaga yote, na yeye akaendelea kukuna mpaka nikamaliza.

Hakupiga kelele. Alisema nisifute kitu, nisimjibu, nisimbloki kwanza. Tukahifadhi picha za skrini za mazungumzo, namba yake na ule ujumbe wa pesa, kisha tukapiga namba ya msaada kwa watoto, 116. Wakatuelekeza kwenye dawati la jinsia la polisi. Huko jina la M-Pesa lilimfichua: mwanamume wa miaka 41, ana mke na watoto. Kwa sheria ya Kenya mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeutaja waziwazi unyanyasaji wa mtandaoni. Mtu aliyeniuliza kila siku habari za mitihani ya kidato cha pili hangeweza kusema alidhani mimi ni mtu mzima. Kesi ilijikokota, nami nikajifunza kuishi bila kuingoja.

Leo ni mimi ninayewawekea wadogo zangu simu zao. Nimeweka nywila kwenye Play Store, nimewasha Family Link ya kusimamia simu ya mtoto, nimezima huduma ya mahali ulipo, maana programu za kutafuta wapenzi humwonyesha mgeni uko umbali gani naye. Yanasaidia, ila si ngome. Tinder, mojawapo ya programu hizo, iliyoanza 2012, iliwahi kuwapokea wenye miaka 13 hadi 17, ikaacha 2016. Lakini mtoto akiweza kudanganya mwaka, masharti ya umri ni maandishi tu. Programu nyingine zina tovuti zinazofunguka bila kupakua kitu, na asiye na simu huazima ya rafiki.

Kwa hiyo nywila siitegemei sana. Nawauliza wametazama nini, nawaacha wacheke, na neno la mama mdogo nimewaambia mapema, kabla hawajawa na la kuficha.

Mzazi, nawe mwambie mwanao leo kwamba akikujia na jambo la namna hii simu yake haichukuliwi wala ukoo hauitwi. Kisha timiza ahadi. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania pia, na kupiga ni bure.